Mtoto ana moto, mbona anatetemeka?

Leo tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua akina mama wengi: mwili wa mtoto unachoma kama moto, naye anatetemeka na kuomba blanketi.

Sababu iko kichwani. Chini ya ubongo pana sehemu ndogo kama korosho moja, iitwayo haipothalamasi. Ndani yake mna chembe zinazopima joto la damu inayopita hapo, na habari za ngozi pia hufika huko. Kazi yake ni kuuweka mwili karibu na nyuzi 37. Ukibeba kuni juani, chembe hizo huamuru damu ije kwenye ngozi na jasho litoke, likaondoke na joto. Usiku wa baridi huamuru misuli itetemeke, maana kutetemeka kunatengeneza joto. Jirani yake zimo chembe zinazopima chumvi ya damu. Hizo ndizo zinazotupa kiu.

Sasa malaria. Vijidudu vyake vikipasua chembe nyekundu za damu, chembe nyeupe, yaani askari wa mwili, hupeleka habari ubongoni. Ubongo hupandisha kipimo chake: badala ya 37 unataka 39 au hata 40. Mwili ambao haujafika huko unauona kuwa wa baridi, basi unauamuru utetemeke. Kipimo kikishuka, jasho linamtoka chapachapa.

Kwa hiyo msimrundikie mablanketi. Wala msimmwagie maji ya baridi, kwani ngozi ikipoa ghafla ubongo utazidi kumtetemesha. Mvulieni nguo nzito, mfunikeni shuka jepesi, mpeni maji ya kunywa. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi.

Vidonge vya parasetamoli vinashusha kile kipimo cha ubongo tu. Haviui vijidudu. Hapa ndipo tunapopoteza watoto: homa inatulia jioni, wazazi wanalala wakidhani amepona, kumbe vijidudu vinazidi kuongezeka. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo, isipite kesho yake. Akikutwa na malaria, amalize dozi yote ya dawa mseto, hata kama siku ya pili anacheza mpira.

Akishikwa na degedege, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku wa manane. Degedege si upepo mbaya. Ni ubongo uliosumbuliwa na homa au na malaria yenyewe. Wapo wanaosema mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Si kweli. Wengi huchelewa kwanza kwingine, na sindano inamkuta amekwisha kuzidiwa. Ndipo lawama inaangukia sindano.

Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti. Yeye hawezi kutetemeka vizuri, na anaweza kuugua sana bila kuwa na moto wowote. Mkiona amekuwa wa baridi, amelegea, au hataki kunyonya, mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili kwa kanga na blanketi, na waende hospitali wakiwa hivyo hivyo.