Upepo Utokao Polepole
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Buganguzi)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka niseme neno juu ya pikipiki za zamani, yamkini alitazamia habari za injini. Habari hizo ni tamu, na kila mwenye pikipiki hapa anazo zake. Mimi nimechagua jambo lisilo na kelele: gurudumu ambalo jioni limejaa upepo, na asubuhi ukilibonyeza lanywea.

Pancha ya msumari si adui mkubwa. Hutokea ghafula, mtu husimama, huziba, huendelea na safari yake. Lakini upepo utokao polepole hutudanganya, maana kila asubuhi twapiga bomba, twaenda Muleba na kurudi, nasi twahesabu kuwa gurudumu ni zima. Kisha siku moja, katika kona ya mteremko, mtoto amekaa nyuma na mfuko wa barua mbele, gurudumu la nyuma laanza kuyumba, wala hakuna nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana nasema bomba la kila asubuhi si dawa. Lauficha ugonjwa tu.

Yafaa kwanza kujua kama ugonjwa upo. Tangu Dunlop alipotengeneza mpira wake wa upepo kule Belfast, tyubu zilifanywa kwa utomvu wa mti wa mpira, na mpira huo, hata ukiwa mzima kabisa, hupitisha upepo kidogo kidogo. Mpira wa namna nyingine uitwao butili, uliobuniwa Marekani mwaka 1937, huushika upepo vizuri zaidi sana. Basi mwenye tyubu ya mpira wa mti asishangae akipiga bomba kila juma, walakini mwenye tyubu ya butili ana haki ya kuuliza upepo wake umekwenda wapi. Tena baridi hupunguza kipimo bila tundu lolote. Gurudumu lililojazwa adhuhuri ratili 28 kwa inchi ya mraba, hewa ikipoa digrii 10 usiku, hupungua ratili moja na kitu. Haikutoka nje, imejikunyata.

Sisi makarani tuna silaha ambayo mafundi wengi hawana, nayo ni daftari. Pima kila siku alfajiri, kabla gurudumu halijapata joto la njia, kwa kipimo kile kile, ukaandike. Pima mara moja tu, kwa kuwa kipimo chenyewe kila kiguswapo huiba upepo kidogo. Siku tano zatosha. Likipungua sawasawa kila siku, hata siku ya Jumapili pikipiki isipotoka nyumbani, basi tundu li wazi daima. Likishika pikipiki inapokaa, na kupungua siku za safari tu, hapo tundu hufunguka gurudumu linapobeba mzigo na kuzunguka, na hilo ni gumu zaidi kuliona. Jambo hili moja litakuokoa nusu ya kazi, nami nashangaa kuona jinsi watu wanavyoliruka.

Kabla ya kufungua kitu, tazama valvu. Zungusha gurudumu mpaka valvu iwe chini, kinywa chake kikielekea juu kwenye ekseli. Toa kifuniko, tia tone la maji ya sabuni kinywani, ungoje. Usingoje kwa pumzi moja tu. Ngoja muda wa kuvuta kiko. Povu likiinuka, kile kijisindano cha ndani kimelegea au kina mchanga. Kikaze, au kibadilishe. Bei yake ni ndogo. Na kifuniko usikidharau wala kumpa mtoto achezee, kwa sababu huzuia vumbi la njia zetu lisiingie.

Valvu ikiwa safi, tyubu haina budi kutoka. Lakini kabla haijatoka, tia alama ya chaki katika tairi mahali penye valvu, na ukumbuke upande upi wa tyubu ulikuwa wa kushoto. Ukisahau alama hii, hata ukiliona tundu huwezi kujua lilielekea wapi, wala mwiba ulioko tairini hutaupata, na kesho utatoboa tena pale pale. Ukifungua tairi kwa vyuma, vyuma visiibane tyubu. Matundu mawili yaliyokaa jirani kama macho ya nyoka mara nyingi ni kazi ya chuma cha fundi, ama ya jiwe lililoibana tyubu juu ya rimu upepo ulipokuwa haba.

Sasa maji. Jaza tyubu mpaka inenepe kidogo, uizamishe sehemu kwa sehemu. Beseni latosha, ingawa mzee mmoja wa hapa aliniambia kwamba hori la kukamulia rubisi ndilo kubwa la kutosha tyubu nzima. Ni kweli, lakini wanywaji wataisikia harufu ya mpira, na msala huo sitaki kuwa ndani yake. Tyubu ikizama, vipovu vingi vitaishikilia kwa nje. Hivyo si tundu. Vipanguse kwa kidole. Kipovu cha tundu ni kile kirudicho mahali pale pale baada ya kupanguswa, pengine kimoja kwa nusu dakika. Tundu la namna hiyo halitoi mlio wala halisikiki shavuni, na mwenye haraka halioni kamwe. Tazama sana kingo za viraka vya zamani, kwa maana gundi huachia pembeni kwanza, na joto la safari huzidi kuifungua.

Hapa niwape habari ya mwenzetu mmoja, aliyeniruhusu kuisema bila jina. Ana BSA Bantam, namna ile iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, ya injini ndogo ya sentimeta za ujazo 123. Baba yake aliinunua kwa fedha ya kahawa miaka ya 1950, bei ilipokuwa nzuri. Kwa miezi miwili gurudumu la nyuma lilimtesa. Alinunua tyubu tatu. Mwisho fundi mmoja akamwambia kwamba rimu imekwisha, na mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mizani yake. Mwenzetu alikuwa tayari kuiuza pikipiki ya marehemu kwa kilo.

Bahati njema hakuzitupa zile tyubu. Tulizitundika ukutani pamoja, na jambo likaonekana. Katika maji, ya kwanza na ya pili zilitoa vipovu kwenye shina la valvu, pale chuma kinaposhikana na mpira. Ya tatu haikutoa kitu mpaka tulipolivuta shina kwa vidole huku na huku chini ya maji. Ndipo vipovu vikatoka kama uzi. Tyubu tatu zilizotoka dukani kwa nyakati mbalimbali haziwezi kuugua mahali pamoja kwa bahati. Ugonjwa haukuwa wa tyubu.

Tukaenda kwenye gurudumu. Nati ya valvu ilikuwa imekazwa kwa nguvu juu ya rimu. Mwenyewe alikuwa akitia ratili 15 tu, ili mawe yasimrushe. Tairi lilikuwa gumu la miaka mingi, halikuikumbatia rimu. Tukapiga mstari wa rangi kutoka tairini hadi kwenye rimu, naye akaenda safari zake siku nne. Aliporudi mstari ulikuwa umeachana upana wa vidole viwili. Basi kila injini ilipovuta na kila breki ilipokamata, tairi lilitambaa juu ya rimu na kuiburuta tyubu, na valvu iliyofungwa na nati ikabaki palepale, ikang'oka shinani kidogo kidogo.

Rimu haikuwa imekwisha. Ilikuwa na kutu, kama chuma chochote katika nchi hii ambayo Bukoba hupata mvua karibu milimeta 2,000 kwa mwaka. Tuliipiga msasa, tukakata ncha mbili za spoki zilizochomoza, tukaweka mkanda mpya wa kuikinga tyubu, tairi jipya, na upepo wa kadiri yake. Nati tuliirudisha juu mpaka kwenye kifuniko, isiguse rimu. Faida yake ni hii: tairi likianza kutambaa tena, valvu itainama, na mwenye pikipiki ataiona ikiwa imelala upande kabla haijang'oka. Mnunuzi wa vyuma amekuja mara moja tena tangu hapo, akapewa tairi la zamani, akakataa.

Mmeniuliza kwa barua juu ya ile dawa ya maji inayouzwa madukani, itiwayo ndani ya tyubu ili izibe pancha yenyewe. Yaweza kuziba kitundu cha mwiba, maana gurudumu likizunguka huitupa nje kuelekea upande unaokanyaga barabara. Lakini shina la valvu li upande wa ndani, kwenye rimu, na huko dawa haikai. Tena tyubu iliyolowa dawa hiyo hukataa kiraka mpaka ioshwe na kukaushwa sana. Mwenye safari ya usiku na mgonjwa nyuma yake aitie, afike. Asubuhi yake afungue gurudumu.