Mavazi na Mapambo ya Mabaharia wa Meli za Biashara

Vijana wengi wa pande hizi za Kisauni huvuka daraja la Nyali kwenda kutafuta kazi kisiwani, na baadhi yao hutamani kazi ya meli huko Kilindini. Mara nyingi kinachowavuta ni yale mavazi meupe ya maofisa, yenye tepe za dhahabu mabegani. Mavazi hayo ni mazuri, lakini ni sehemu ndogo ya nguo za baharia, wala siyo yanayomrudisha nyumbani salama.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Baharia wa jahazi alifanya kazi kifua wazi, kikoi kimekazwa kiunoni, kwa sababu kanzu ingemtatiza miguu wakati wa kupandisha tanga. Kikoi hicho hicho kilikuwa shuka ya kulalia, na tena kitambaa cha kujifutia maji. Kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono vilikuwa nguo za bandarini na msikitini. Wengine walifunga hirizi mkononi; hiyo ni habari ya imani ya mtu, na hapa haina haja ya kubishaniwa.

Katika meli za Uingereza, sare moja ya maofisa wa biashara iliwekwa mwaka 1918. Kabla ya hapo kila kampuni ilijichagulia yake. Tepe 4 ni za nahodha, na wadogo wake hupungukiwa kwa daraja. Injinia hutambulikana kwa rangi ya zambarau iliyo kati ya tepe zake, desturi inayoonekana hata leo katika meli nyingi.

Lakini baharia wa kawaida hakuwa na sare. Vita vya 1939 hadi 1945 vilipokuja, mtu aliyekuwa likizoni Uingereza, amevaa koti lake la kila siku, aliweza kuulizwa njiani kwa nini hajajiunga na jeshi, hali meli za wenziwe zilikuwa zikizamishwa na nyambizi. Kwa ajili hiyo, mwaka 1940 mabaharia walipewa alama ndogo ya fedha ya kubandika kifuani, yenye herufi M na N, kamba iliyozunguka, na taji juu yake. Huenda hakuna pambo la baharia lililopatikana kwa gharama kubwa kuliko hilo.

Sasa yatazamwe mavazi ya kazi. Baharia wa leo huvaa ovaroli, kofia ngumu, na viatu vyenye chuma kwenye vidole. Katika chumba cha mitambo ovaroli ya pamba ndiyo bora, kwani nailoni ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Nguo isiwe pana mno: mkono wa shati unaoning'inia hukamatwa na winchi, na winchi haimngoji mtu.

Hali kadhalika pete. Vijana hupenda pete, mkufu na bangili, na mabaharia wa mataifa mengi wamependa hereni na chale tangu zamani. Chale haimdhuru mtu kazini. Pete yaweza kunasa kwenye msumari au ngazi wakati mtu anaruka, ikamvua ngozi yote ya kidole, au kukikata kabisa. Hata pete ya ndoa huachwa chumbani.

Limebaki vazi moja, nalo halipendezi hata kidogo: jaketi la kujiokolea, la rangi ya machungwa, lenye filimbi na taa. Limetengenezwa ili mtu aweze kulivaa kwa dakika 1, na limgeuze aliyezimia majini uso uelekee juu. Meli ya Titanic ilizama mwaka 1912, na mkataba wa kwanza wa mataifa juu ya usalama wa baharini ukaandikwa mwaka 1914. Chini ya sheria zilizotokana na mkataba huo, kila mwezi baharia hufanya mazoezi ya kuiacha meli: kengele hulia, na nahodha mwenye tepe 4 na mpishi mwenye aproni hufunga kamba za jaketi lile lile.