J. M. Kariuki: Mbunge Tunamtaka wa Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi, Nakuru)

Tukitembelea vikundi, kuanzia Bahati mpaka Gilgil, neno moja tunalisikia kila mahali: "Mbunge wetu hajatufanyia kitu." Tukiuliza alitakiwa afanye nini, tunajibiwa mabati, viti, au bahasha siku ya harambee. Basi leo tumeonelea tuzungumze juu ya mbunge mmoja aliyetoa kweli kweli, halafu tuone kama kutoa ndiko kulikomfanya akumbukwe.

Josiah Mwangi Kariuki, ambaye wengi wetu tunamjua kama JM tu, alizaliwa mwaka wa 1929 huko Kabati-ini, hapa hapa Nakuru. Wazazi wake walikuwa maskwota katika shamba la mzungu. Karo ilikuwa shida. Mwaka wa 1946 alibahatika kushinda pesa za mashindano ya farasi, akazitumia kurudi shuleni. (Hatusemi vijana wakacheze kamari, jamani!) Alisoma mpaka Budo, Uganda. Mwaka wa 1953 serikali ya kikoloni ilimkamata, na kambi za kizuizini hazikumwachilia mpaka 1960.

Mwaka wa 1963 watu wa Nyandarua wakamtuma Bungeni. Alikuwa karibu na Mzee Kenyatta, akawa katibu wake, akaongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa, baadaye akawa waziri msaidizi. Tusifiche, alikuwa tajiri. Harambee za shule alichanga hata nje ya eneo lake.

Lakini wachangaji walikuwa wengi, na majina yao tumeyasahau. JM alifanya jambo lingine ambalo lilikuwa gumu zaidi: aliuliza maswali. Mashamba ya walowezi yamekwenda kwa nani? Kwa nini waliopigania ardhi bado hawana pa kulima? Alionya kwamba nchi inaelekea kuwa na mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Mikutano yake ikaanza kunyimwa leseni. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 1974 watu walimrudisha Bungeni.

Tarehe 2 Machi 1975 alionekana kwa mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, Nairobi. Maiti yake ilipatikana Ngong. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza, mwenyekiti akiwa Elijah Mwangale, na Mark Mwithaga, mbunge wetu wa Nakuru Mjini, alikuwa ndani. Wabunge waliipitisha ripoti hiyo Juni 1975 ingawa serikali haikuitaka. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho. Kabla ya mwaka kwisha, Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa papo hapo Bungeni wakatiwa kizuizini.

Hao walikuwa wakifanya kazi ya mbunge: kutunga sheria, kuangalia pesa za umma zinakwenda wapi, kuuliza. Tangu 2003 kuna mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, na pesa zile ni za kodi yenu, si za mfuko wa mheshimiwa. Akileta darasa kwa pesa hizo, mpigieni makofi kidogo, kisha muulize lilijengwa kwa kiasi gani.

Sasa, kabla ya chai, kila kikundi kikae kando kiandike maswali mawili ya kumpelekea mbunge wake. Ya mabati tumeshayasikia.