Nondo Mwenye Sura ya Nyigu



Nyigu huogopwa kwa ajili ya mwiba wake. Lakini katika mashamba yetu ya viazi vitamu yuko nondo aliyeazima sura ya nyigu, hali mwiba hana. Mabawa yake ni maangavu kama kioo, na mwili wake ni mwembamba. Ndege aliyekwisha kuumwa na nyigu humwacha. Na mtu naye humkwepa, asijue kuwa ni nondo tu.

Basi msidanganyike. Jike lake hutaga mayai 70 mpaka 100 katika fungu moja juu ya marando na vikonyo vya majani. Yakianguliwa, viwavi weupe hutoboa rando wakala ndani, na pengine hushuka hata katika kiazi. Shina huvimba, kisha huvunjika upesi.

Dawa yake ni jembe. Pandeni marando safi yasiyotobolewa, na mara kwa mara kusanyeni udongo kufunika mashina. Yule aonekanaye mkali hana silaha. Mwizi wa chakula chenu ni mtoto wake aliyefichika ndani.