Kabla ya Kununua Msumeno wa Pili

Hotuba iliyotolewa na idara yetu ya mazingira mbele ya kamati za parokia na wafadhili, Njombe



Tumeombwa tuseme machache kuhusu misumeno midogo ya moto, ile yenye mpini juu, ambayo vijana wetu huitumia kupunguza matawi ya mikaratusi na misindano iliyoinamia makanisa, zahanati na madarasa. Kamati tatu zimeleta maombi ya kununuliwa mwingine kwa kuwa wa kwanza "umekufa". Tungependa kwanza tuelezane umekufaje.

Msumeno huu ulitengenezwa kwa ajili ya mtu aliye juu ya mti. Mpini wa nyuma umeondolewa na kuwekwa juu ya injini, ili mashine iwe fupi na iweze kuning'inia kiunoni bila kumsumbua mpandaji. Stihl MS 200 T, uliopendwa sana na wakata matawi miaka ya 2000, una injini ya sentimita za ujazo 35.2 na uzito wa kilo 3.6 bila bamba na mnyororo. Echo CS-2511T ni mdogo zaidi: sentimita za ujazo 25 na kilo 2.3. Hizo si mashine za kupasulia mbao. Parokia moja iliutumia wake kukata magogo ya mikaratusi kutwa nzima kwa wiki mbili, kisha ikatuandikia kwamba mashine ni dhaifu. Kwa maoni yetu ilionewa.

Tulipoifungua misumeno iliyorudishwa, jambo lililojitokeza zaidi lilikuwa oili. Injini ya mipigo miwili haina oili yake ya ndani kama gari. Oili yote inayolainisha pistoni huingia pamoja na petroli, na kwa mashine nyingi za aina hii kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili ya mipigo miwili: mililita 20 kwa lita moja, mililita 100 kwa lita tano. Vijana wetu walikuwa wakikadiria kwa kifuniko cha chupa. Oili ikipungua, pistoni huchubuka na kukwama ndani ya silinda. Ikizidi, plagi huwa nyeusi na mashine hukataa kuwaka. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa linamaliza tatizo hili, nalo halihitaji mfadhili.

Petroli nayo inunuliwe kituoni, si ya chupa za barabarani. Mnakumbuka uchakachuaji wa mafuta ya taa ulivyokuwa umeenea hadi EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Kinachoingia kwenye chupa baada ya hapo hakuna anayekipima. Na msumeno usiotumika kwa miezi umwagwe petroli yote, kwani ikikaa huharibika, huacha utando, na ngozi nyembamba za mpira zilizomo ndani ya kabureta hukakamaa. Oili chafu ya gari isiwekwe kwenye tangi la kulainishia mnyororo. Ina vumbi la chuma, na pampu yake ni ndogo mno.

Lipo jambo la huku kwetu milimani ambalo muuzaji wa Dar es Salaam hawezi kuwaambia. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Msumeno uliorekebishwa pwani, ukifika hapa, petroli inazidi hewa: unatoa moshi na kukosa nguvu. Fundi anabana skrubu ya kabureta, nguvu inarudi kidogo, wote tunafurahi. Kisha msumeno uleule unaazimwa na ndugu wa pwani bila mtu kuigusa skrubu tena. Kule petroli inakuwa pungufu, na oili pamoja nayo. Tulipoteza injini moja namna hiyo, na kosa lilikuwa letu. Baadhi ya misumeno mipya ya bei ya juu hujirekebisha yenyewe. Ya betri haina kabureta kabisa, lakini inahitaji umeme wa kuaminika wa kuchajia.

Mnyororo butu tutaupitia haraka. Mkiona unga badala ya vipande, noeni. Mnyororo mwembamba wa inchi 3/8 unaofungwa kwenye mingi ya misumeno hii hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4. Mtu anayelazimika kusukuma msumeno akiwa juu ya mti yuko hatarini tayari.

Hapo tunafika kwenye jambo zito. Msimu wa mvua uliopita kijana wetu mmoja alikuwa juu ya mkaratusi nyuma ya zahanati. Mkono wa kulia ulishika msumeno, wa kushoto ulishika tawi alilokuwa akilikata. Ncha ya juu ya bamba iligusa tawi jingine, msumeno ukaruka nyuma, na mnyororo ukapita kwenye kiganja cha kushoto. Vidole viwili havikunji tena. Tuliukagua ule msumeno siku hiyohiyo: mkali, safi, petroli sawasawa. Haukuwa na kasoro yoyote.

Mpini wa juu unamshawishi mtu kutumia mkono mmoja, na kwa kuwa mipini iko karibu karibu, kuuzuia msumeno unaporuka ni vigumu kuliko ule mkubwa. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji vinasema ushikwe kwa mikono miwili, na utumiwe na wapandaji waliofunzwa tu. Yule kijana tulimpa mashine tukampa na kamba ya katani. Katika taarifa yetu kwa wafadhili tuliandika idadi ya miti na kwamba kifaa kiko katika hali nzuri. Habari zake zilipata mstari mmoja. Tunawaomba radhi ninyi, na yeye tumekwisha kumwomba.

Kwa hiyo maombi yale matatu hatukuyapitisha. Fedha hizo tunaomba zinunue mikanda ya kupandia, kamba mbili kwa kila mpandaji, kofia ngumu zenye kinga ya macho na masikio, minyororo ya akiba na tupa, na zilipie mafunzo ya vijana wawili kutoka kila parokia. Miti iliyo karibu na nyaya za umeme isiguswe, TANESCO waitwe. Misumeno iliyokwama iletwe kwetu ikaguliwe kabla ya kutupwa, pamoja na chupa ya mafuta yaliyokuwa yakitumika. Orodha ya majina ya vijana imfikie katibu wetu kabla ya mwisho wa mwezi, na kila jina liambatane na barua ya mwenyewe kwamba amekubali kupanda.