Ndugu Wawili na Mteremko wa Mai Mahiu



Mazungumzo ya leo yahusu safari ya baiskeli katika majira ya baridi. Huenda msikilizaji mmoja akasema kwamba baridi ni jambo la Ulaya, kwenye nchi ambazo theluji huanguka. Lakini mtu akaaye Limuru, Kinangop au Molo hahitaji kufundishwa baridi ni kitu gani. Tangu mwezi wa Juni mpaka Agosti upepo wa kusi huleta mawingu kutoka baharini, nayo hutanda juu ya nyanda za juu zilizo mashariki ya Bonde la Ufa. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai, ambayo yalianza kupandwa Limuru mwaka 1903, na jua huenda lisionekane mpaka adhuhuri.

Asubuhi moja ya namna hiyo, mwezi wa Julai, kijana mmoja na mdogo wake waliondoka Limuru kwenda Mai Mahiu, kumpelekea nyanya yao blanketi. Mkubwa alikuwa na miaka 22, na mdogo alikuwa na miaka 14. Kila mmoja alipanda baiskeli nyeusi, nzito, ya aina ile iitwayo Mamba. Mama yao aliwaagiza wakunje gazeti kuukuu na kulitia kifuani chini ya shati, kwa maana karatasi huzuia upepo. Nao walitii.

Walipopita Rironi njia ikawa ya vilima, kupanda na kushuka na kupanda tena. Mkubwa, mwenye miguu ya nguvu, alitangulia. Kila alipofika juu ya kilima alimngoja mdogo wake, lakini mdogo alipofika tu, yeye aliondoka. Kwa hiyo mkubwa alipumzika kila mara, na mdogo hakupumzika hata mara moja. Tena kungoja huko kulimdhuru mkubwa mwenyewe, kwa kuwa jasho alilotoa katika kupanda lilipoa mwilini, akaanza kutetemeka. Kama angalikwenda polepole pamoja na mwenzake, wote wawili wangalikuwa na joto.

Basi wakafika ukingoni mwa Bonde la Ufa, mahali ambapo barabara huanza kuteremka. Barabara hiyo ilijengwa na mateka wa vita wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ni nyembamba, ina kona nyingi, na malori mazito hupita huko. Siku ile ukungu ulikuwa umeifunika, hata mtu hakuweza kuona kona ya kwanza.

"Kaka," akasema mdogo, "breki yangu haishiki vizuri. Naomba tushuke kwa miguu."

"Mteremko ndio raha ya baiskeli," mkubwa akajibu. "Tumepanda vilima vyote vile, kisha tusukume baiskeli kwenda chini? Watu watatucheka."

"Katika ukungu huu, kaka, ni nani atakayetuona?"

Mkubwa akacheka, lakini neno lile likamwingia moyoni. Kama hapakuwa na mtu awezaye kuwaona ili awacheke, basi hata dereva wa lori hangeweza kuwaona ili awaepuke.

Akaichukua baiskeli ya mdogo wake, akaiendesha mahali palipo sawa, akafunga breki kando ya jiwe alilolichagua. Baiskeli ikapita jiwe lile, ikaendelea mbele hatua nyingi. Akajaribu na baiskeli yake mwenyewe, ambayo hakuwa na shaka nayo, nayo ikapita vilevile. Sababu yake si ngumu kuielewa. Breki za baiskeli hizi ni vipande vya mpira vinavyobana chuma cha gurudumu. Chuma kikiwa kikavu, mpira hushika. Kikilowa umande au ukungu, mpira huteleza, na breki iliyokuwa njema nyumbani huwa kama haipo.

Wakashuka kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, pembeni kabisa mwa barabara, na mara hii mkubwa alikaa nyuma. Hawakwenda mbali, taa za lori zikatokea katika ukungu, nazo zilipoonekana zilikuwa zimekwisha kuwa karibu. Wakaruka majanini na baiskeli zao. Lori likapita. Hakuna aliyesema neno mpaka mshindo wake uliponyamaza.

Chini zaidi ukungu ulikwisha ghafula. Mlima Longonot ukaonekana kwa mbali, na jua likawapiga usoni. Hewa huongezeka joto kadiri mtu ateremkavyo, kiasi cha digrii sita kwa kila mita 1,000. Wakafuta magurudumu kwa kitambaa, wakajaribu breki tena, na zilipokuwa zikishika wakapanda, wakapita kanisa dogo walilolijenga Waitalia wale, wakafika kwa nyanya salama. Jioni walirudi kwa gari la abiria, baiskeli zikiwa zimefungwa juu, kwa sababu nyanya hakukubali wapande mlima ule gizani.

Mwenye baiskeli na ayatie akilini mambo matatu katika majira haya. Breki zijaribiwe kabla ya mteremko, wala si ndani yake. Mwenye nguvu aende kwa mwendo wa asiye na nguvu. Na mdogo akisema kwamba anaogopa, asikilizwe kwanza, kwa maana huenda ameona hatari ambayo mkubwa hajaiona. Kijana yule alipoulizwa na mama yake jinsi safari ilivyokuwa, hakusema kwamba alimwongoza mdogo wake. Alisema, "Mdogo wangu alinifikisha."