Uvimbe wa Shingo na Mimba Zinazotoka

Leo tuongee juu ya mama anayepata mimba, kisha inatoka, mara moja, mara mbili. Nyumbani wanamuuliza: « Nani amekuloga? » Wengine wanamrudisha kwa wazazi wake. Mama, sikia: si kosa lako. Sababu za mimba kutoka ni nyingi, na moja inaweza kuwa shingoni mwako.

Mbele ya shingo kuna tezi ndogo, mfano wa kipepeo. Inaitwa tiroide. Inaongoza moyo, joto la mwili, damu ya mwezi na mimba. Miezi mitatu ya kwanza, tiroide ya mtoto haijaanza kazi. Anategemea ile ya mama. Ya mama ikilegea, mimba inaweza kutoka, ao mtoto anazaliwa kiziwi na mwenye akili nzito.

Chakula cha tiroide ni iyodi. Milimani kwetu udongo una iyodi kidogo. Tangu miaka ya 1960 waganga walipima watu wa kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu. Iyodi ilikuwa kidogo kaskazini na kusini, lakini uvimbe wa shingo ulizidi kaskazini, kule watu walikula muhogo mwingi. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una sumu inayozuia iyodi kuingia katika tiroide.

Alama ni zipi? Shingo kuvimba, kuchoka bure, kusikia baridi, choo kigumu, damu ya mwezi kupotea. Wengine wanakonda, moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka. Tena tiroide inaweza kugonjwa bila shingo kuvimba. Ndiyo maana damu inapimwa.

Sasa tufanye nini?

1. Pika na chumvi yenye iyodi. Uifunge vizuri, mbali na jua na maji. Si lazima kuongeza chumvi. Ile ya kila siku inatosha.

2. Loweka muhogo mchungu siku tatu ao zaidi, kisha uanike.

3. Mimba ikitoka, ao shingo ikivimba, uje upimwe mbele ya kubeba mimba ingine.

4. Kama unameza dawa ya tiroide, usiiache juu ya mimba. Uje mbio: mara nyingi kipimo kinaongezwa. Vidonge vya kuongeza damu umeze kisha saa ine.

Mwambie na bwana yako maneno haya. Mama aliyepoteza mimba anaombwa dawa na upendo, si masengenyo.